Nani Alipewa Anwani Yangu ya Zamani? Kisa cha Rejista ya Wakazi ya Rotterdam

Tarehe 26 Oktoba 2005, mtu mmoja aliyekuwa amehama Rotterdam kwenda manispaa nyingine ya Uholanzi aliiandikia barua halmashauri ya mji alikotoka. Hakuuliza rejista ya wakazi imeandika nini juu yake. Aliuliza: katika miaka miwili iliyopita, taarifa zangu mmempa nani, na mmempa zipi? Hasa alitaka kujua ni nani waliopewa anwani yake ya zamani.

Halmashauri haikukawia. Uamuzi wa kwanza ulitoka kesho yake, wa pili tarehe 29 Novemba. Ila jibu lilikuwa nusu: lilihusu mwaka mmoja tu kabla ya barua. Mwaka wa pili haukuwemo, wala hakuna aliyeuficha. Mfumo wa kompyuta ulikuwa umeshaufuta wenyewe, kama sheria ilivyouagiza.

Akapinga, na tarehe 13 Februari 2006 pingamizi lake likakataliwa. Akaenda mahakama ya Rotterdam, ikampa haki. Halmashauri ikakata rufaa kwenye Raad van State, chombo kinachoamua kwa ngazi ya mwisho mashauri kati ya raia na utawala, nacho Desemba 2007 kikapeleka swali kwa Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya kule Luxembourg: je, sheria ya nchi inaweza kuikata haki ya mtu kuona taarifa zake kwa kisu cha mwaka mmoja? Hukumu ilisomwa 7 Mei 2009, shauri namba C-553/07.

Rejista ilivyo kwa ndani

Huwezi kuelewa ule mwaka ulipotelea wapi bila kuifungua rejista yenyewe. Tarehe 1 Oktoba 1994 Uholanzi iliachana na kadi za karatasi na kuanza kuwatunza wakazi wake kwenye kompyuta, kila manispaa na hifadhi yake, zote zikizungumza kwa mfumo mmoja ulioitwa GBA. Kila mkazi ana orodha yake, kwa Kiholanzi persoonslijst, iliyogawanywa katika mafungu yenye namba. Fungu la 01 ni mtu mwenyewe: majina, tarehe na mahali alipozaliwa. La 02 na 03 ni wazazi. La 04 ni uraia, 05 ndoa, 08 makazi, 09 watoto, 10 kibali cha ukaazi.

Ukihama, anwani ya zamani haifutwi. Inasogezwa kwenye fungu la historia, ambalo namba yake ni ile ile ikiongezwa 50. Unapoishi sasa ni 08. Ulikowahi kuishi ni 58. Haya yote hukaa miaka na miaka.

Pembeni ya orodha hiyo kuna kitu cha pili, ambacho wengi hawajui kama kipo: kumbukumbu za utoaji. Rejista haikai kabatini ikisubiri kuulizwa. Taasisi iliyoidhinishwa, tuseme mamlaka ya kodi au mfuko wa pensheni, huwekewa alama kwenye orodha ya mtu, na tangu hapo kila badiliko hutumwa kwake bila kuomba. Nyingine huuliza mara moja na kuondoka. Nyingine huomba kundi zima la watu kwa mkupuo. Mtu akihama mara moja tu, ujumbe huweza kwenda kwa taasisi nyingi kabla hajamaliza kufungua maboksi. Kila ujumbe huacha alama: umekwenda kwa nani, lini, ukiwa na mafungu gani.

Sasa vifungu viwili. Kifungu cha 103 cha sheria ya GBA kiliipa halmashauri wiki nne kumjibu kwa maandishi mtu anayeuliza kama taarifa zake zimetolewa katika mwaka uliotangulia ombi. Kifungu cha 110 kiliagiza kumbukumbu ya kila utoaji itunzwe mwaka mmoja. Vinaoana vizuri mno: kimoja kinaruhusu kuuliza mwaka mmoja, kingine kinahakikisha kuwa hata ukiuliza zaidi hakuna cha kukujibu.

Fanya hesabu uone ukali wake. Barua imeandikwa 26 Oktoba 2005. Aliyetumiwa anwani ya mtu huyu Septemba 2004 ameshatoweka kwenye kumbukumbu. Aliyetumiwa Novemba 2004 bado yumo, ila anaondoka mwezi unaofuata barua. Siku pingamizi linakataliwa, Februari 2006, chochote cha kabla ya Februari 2005 hakimo tena kwenye mfumo. Kufikia mwisho wa Oktoba 2006 hakuna hata alama moja iliyobaki ya miaka miwili iliyoulizwa, isipokuwa yale yaliyokwisha kunakiliwa kwenye majibu. Hukumu ilikuja zaidi ya miaka miwili na nusu baadaye. Mwombaji aliweza kushinda hoja, ila mashine haikuwa na cha kumrudishia.

Mahakama ilivyopima

Sheria iliyotumika wakati huo ilikuwa Agizo la Ulaya namba 95/46 la mwaka 1995. Kifungu chake cha 12 kilimpa kila mtu haki ya kujua taarifa zake zinazochakatwa na waliopelekewa, bila kutaja ni kwa muda gani nyuma. Kifungu cha 6, kwa upande mwingine, kilikataza kutunza taarifa za mtu kwa muda mrefu kuliko kazi inavyohitaji. Serikali kadhaa zilizojitokeza kutoa maoni zilishika hilo la pili: haki ya kuona ni haki ya leo, si ya jana; taarifa ikifutwa, imefutwa, na hakuna wa kuidai.

Hoja hiyo si ya kipuuzi. Kumbukumbu za utoaji nazo ni taarifa za mtu. Ukiambiwa kwamba hospitali fulani au ofisi ya madeni iliulizia anwani ya fulani mara nne, umeshajua mengi juu yake. Kuzitunza miaka mingi ili kulinda faragha ni kujenga ghala jingine la kulinda. Wanaodai kumbukumbu zisizofutwa kamwe mara nyingi hawajalifikiria hili.

Mahakama ilianza kwa kutenganisha aina mbili za taarifa. Kuna taarifa za msingi: jina, anwani, uraia. Na kuna taarifa juu ya safari za zile za msingi: zimekwenda kwa nani, zikiwa na nini. Halafu ikauliza haki ya kuona ipo kwa ajili gani. Jibu lake ndilo lililobeba hukumu nzima. Mtu anaona ili aweze kusahihisha kilicho na kosa, kufuta kisicho halali, kupinga matumizi, na akidhurika, kushtaki na kudai fidia. Hakuna hata moja kati ya hayo linalowezekana kama hujui kosa limefika wapi. Ukisahihisha anwani kwenye chanzo, nakala kumi zilizokwisha kutumwa zinabaki na kosa lile lile. Kwa hiyo haki hii, kwa asili yake, lazima iguse yaliyopita.

Yaliyopita ya mbali kiasi gani? Hapo mahakama haikutoa namba. Iliziachia nchi zipange muda, mradi kuwe na mizani ya haki kati ya mtu anayelinda faragha yake na mzigo wa anayetunza kumbukumbu. Vya kuwekwa kwenye mizani: taarifa za msingi zinatunzwa muda gani, ni nyeti kiasi gani, wapokeaji ni wangapi, zinatolewa mara ngapi. Zikitolewa kila wiki kwa makumi ya taasisi, mzigo wa kutunza unakua. Lakini hatari kwa mwenye taarifa nayo inakua.

Kwa rejista ya Rotterdam matokeo yalikuwa haya: kanuni ya mwaka mmoja kwa kumbukumbu za utoaji, wakati taarifa zenyewe zinatunzwa muda mrefu zaidi, haina mizani ya haki, isipokuwa ikionyeshwa kwamba kutunza zaidi ya hapo ni mzigo uliopita kiasi kwa mtunza rejista. Kupima hilo ni kazi ya mahakama za nchi.

Anayesoma haraka huondoka akisema Luxembourg iliharamisha mwaka mmoja. Sivyo. Iliharamisha tofauti isiyo na maelezo: ghala la miongo kando ya daftari la miezi kumi na miwili. Taasisi inayofuta taarifa za msingi baada ya miezi kumi na minane ingeweza kabisa kuutetea mwaka wake mmoja. Na neno “isipokuwa” ndani ya hukumu ni zito, kwa sababu linamtwika mtunza rejista kazi ya kuonyesha mzigo huo. Kusema tu “mfumo wetu hauwezi” hakutoshi.

Jambo jingine dogo ambalo wanasheria huliruka. Baadhi ya serikali zilisema mtu alishaarifiwa mapema, wakati taarifa zinakusanywa, kwamba zinaweza kupelekwa kwa fulani na fulani. Basi anataka nini tena? Mahakama haikukubali tangazo la jumla lipunguze haki ya kuuliza. Kuambiwa “huenda tukawapa bima na polisi” si sawa na kuambiwa “tarehe 3 Machi tuliwapa bima mafungu 01 na 08”.

Tofauti kati ya kuona na kununua hati

Kisa cha pili, nacho cha manispaa ya Uholanzi, kinakamilisha cha kwanza. Mwanamke mmoja alitozwa faini za barabarani na kusema barua hazikumfikia kwa kuwa zilipelekwa anwani isiyo yake. Ili kuthibitisha, aliomba manispaa impe orodha ya anwani zake za 2008 na 2009. Alipewa nakala iliyothibitishwa, pamoja na ankara ya yuro 12.80. Shauri lilifika Luxembourg kama C-486/12, na tarehe 12 Desemba 2013 mahakama ikasema kwamba chini ya Agizo la 1995 ada haikukatazwa, ila isizidi gharama ya kuitoa taarifa.

Leo hesabu imebadilika. Tangu 25 Mei 2018 inatumika kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa taarifa binafsi, ijulikanayo kama GDPR, na nakala ya kwanza ya taarifa zako ni bure. Lakini mtego wa yuro 12.80 haujaondoka, umebadili jina tu. Ukienda kwenye dirisha la manispaa ukaomba uittreksel, umeomba hati rasmi yenye muhuri ya kupeleka kwingine, na utalipa. Ukiomba inzage, umeomba kuona taarifa zako, na hulipi. Karani hana wajibu wa kukisia ulimaanisha lipi, anatoa ulichotaja. Kama unachotaka ni kujua tu rejista imeandika nini, usilitaje neno uittreksel kabisa.

Kuuliza kama alivyouliza mtu wa Rotterdam, leo

Sheria ya GBA iliondoka, na tangu 6 Januari 2014 ipo sheria ya rejista ya msingi ya watu, BRP. Kifungu chake cha 3.22 kinaipa manispaa wiki zile zile nne kujibu bila malipo, ila muda wa kuuliza umekuwa miaka 20 kabla ya ombi. Kutoka mwaka mmoja hadi 20. Hata hivyo kilichofutwa chini ya sheria ya zamani hakifufuki, kwa hiyo usishangae jibu likianzia karibu kuliko ulivyotarajia.

Ombi linaelekezwa kwa manispaa unayoishi sasa. Hapa watu wengi hukosea: huandika wanataka “taarifa zangu zote” na kupokea karatasi ya mafungu 01 hadi 13, safi, kamili, isiyo na hata mpokeaji mmoja. Wamejibiwa walichouliza. Swali la wapokeaji ni ombi la pili na linatakiwa kusimama peke yake. Kwa Kiswahili, kiini chake kingesomeka hivi:

“Naomba kujulishwa kwa maandishi kila utoaji wa taarifa zangu kutoka kwenye rejista ya BRP, kuanzia tarehe hii hadi tarehe hii: jina la mpokeaji, tarehe ya utoaji, na mafungu yaliyotolewa. Naomba pia wapokeaji watajwe kwa majina, si kwa makundi.”

Sentensi ya mwisho si mapambo. GDPR inazungumzia “wapokeaji au makundi ya wapokeaji”, na taasisi nyingi zilipenda kuchagua makundi: “mashirika ya serikali”, “watoa bima”. Tarehe 12 Januari 2023, katika shauri C-154/21 lililohusu posta ya Austria, Mahakama ya Haki ilisema uchaguzi ni wa mwenye taarifa. Akitaka majina anapewa majina, isipokuwa kama haiwezekani kuwatambua wapokeaji, au ombi ni dhahiri halina msingi au limepita kiasi.

Weka tarehe za kuanzia na kuishia. Ombi lisilo na mipaka humpa karani sababu ya kurefusha: GDPR, tofauti na wiki nne za BRP, inatoa mwezi mmoja, na ombi likiwa tata inaruhusu miezi miwili zaidi, mradi uarifiwe ndani ya ule mwezi wa kwanza. Sababu ya kuuliza huhitaji kuitaja. Utambulisho ndio utahitajika, na hapo ni haki yao kuwa wakali, maana jibu hili likifika kwa mtu asiye wewe ni balaa kuliko kutojibiwa. Ukitakiwa kutuma nakala ya pasipoti, funika picha na BSN (namba ya utambulisho wa mkazi) kama hazikuombwa, na andika juu yake nakala ni ya nini na ya tarehe ipi.

Jibu likija, lisome ukijua mipaka yake. Utoaji uliofanywa kwa usalama wa taifa au upelelezi wa jinai unaweza kuachwa, kwa hiyo orodha isiyo na polisi haithibitishi kwamba polisi hawakuuliza. Majina ya wafanyakazi waliofungua faili lako kwa kawaida hutapewa. Katika shauri C-579/21 la Juni 2023, lililohusu benki moja ya Finland, mahakama ilisema mtu ana haki ya kujua tarehe na madhumuni ya kila mara taarifa zake zilipofunguliwa, ila majina ya watumishi waliofanya kazi kwa amri ya mwajiri hayatolewi, labda yawe ya lazima kwa mtu kutetea haki zake. Na orodha inaishia mlangoni. Inakuambia mfuko wa pensheni ulipokea anwani. Mfuko ulimpa nani baada ya hapo, unauliza mfuko wenyewe.

Kama ulichokuwa unatafuta ni kosa, kuna njia fupi kuliko hii yote, nayo ni kifungu cha 19 cha GDPR. Taarifa ikisahihishwa, mtunza rejista anatakiwa kumwarifu kila aliyepelekewa ile yenye kosa, labda iwe haiwezekani au ni kazi iliyopita kiasi. Na wewe ukiuliza ni akina nani, anakutajia. Ombi moja, matokeo mawili. Ni ajabu jinsi linavyotumiwa kidogo.

Ukinyimwa, au ukipewa nusu kama mtu wa Rotterdam, jibu la manispaa linahesabiwa kuwa uamuzi wa kiutawala. Una wiki sita tangu siku lilipotolewa kupeleka pingamizi kwa manispaa hiyo hiyo, wiki sita nyingine kwenda mahakamani baada ya pingamizi kuamuliwa, na wiki sita tena kukata rufaa Raad van State. Malalamiko kwa mamlaka ya ulinzi wa data, Autoriteit Persoonsgegevens, yanaweza kwenda sambamba, lakini hayasimamishi zile wiki sita za pingamizi. Anayesubiri mamlaka imjibu kwanza anaweza kukuta mlango umefungwa.

Na ndani ya pingamizi lako, sentensi ya kwanza kabla ya hoja yoyote iwe hii: kwamba kumbukumbu za utoaji za kipindi ulichotaja zisifutwe hadi shauri liishe. GDPR, kifungu cha 18, inamruhusu mtu kudai taarifa zitunzwe hata kama mtunzaji hazihitaji tena, mradi yeye anazihitaji kudai au kutetea haki zake kisheria. Taja kipindi, taja kifungu, na omba wathibitishe kwa maandishi kwamba ufutaji umesitishwa.